Siku Zilipolia Pua za Ujiji

Tangu Pua, vile vipimo vya kunusa mafuta yaliyoharibika, zifungwe juu ya majiko ya Ujiji, hakuna hata moja iliyowahi kulia kwa haki. Moja ililia kwa sababu mjusi alitaga mayai ndani yake. Nyingine ililia kwa sababu mwenye nyumba aliipaka rangi ifanane na dari, akidhani anaipendezesha. Kwa hiyo bangili ya Dokta Sauda Kiza ilipotetemeka mchana ule na kumwambia kwamba kuna Pua inalia mjini, hakuinua hata kichwa.

"Mjusi," alisema.

"Mjusi hatoi dekadienali, Dokta," alijibu Gwimo, mhandisi wake, aliyekuwa amesimama mbele ya kioo cha vipimo ndani ya suti mpya aliyoishona kwa ajili ya siku ile. "Kipimo kimepanda na bado kinapanda. Kuna mafuta yanavunjika mahali."

Hapo Sauda akainua kichwa. Mafuta hayakuwa yamevunjika Ujiji tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Wapi?"

Gwimo alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetamani habari ile ingeletwa na mwingine. "Nyumbani kwa shangazi yako."

Kituo cha Kinga kilijengwa pale mashamba ya michikichi yanapoanzia, na dirishani mwake kulikuwa na bakuli la mawese lililokuwa likipigwa jua tangu Gwimo alipoajiriwa. Mafuta yake yalikuwa bado mekundu, matamu kama yaliyokamuliwa asubuhi. Wageni walipenda kuchovya kidole na kulamba, na Gwimo alipenda kuwaambia yamekaa pale muda gani baada ya kulamba, si kabla. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Kinga: tone moja kutoka kwenye chupa, pipa zima halichachi tena. Dagaa wa Kigoma waliopakwa Kinga walikuwa wakifika vijiji ambavyo watu wake hawajawahi kuliona ziwa, na wakifika wamefika kweli, hawana uchungu wala ile rangi ya kutu.

Lakini chupa huisha, hupasuka, husahauliwa ghalani. Ndiyo maana Sauda alitengeneza Kinga ya Pili. Nyuma ya ukuta wa kioo yalipangwa masanduku ya wadudu wale wadogo weusi wanaochavusha michikichi, wamezubaa kwa baridi waliyowekewa. Miguuni mwao walikuwa wamebeba kazi ya nusu ya umri wake. Alasiri ile, mbele ya wajumbe wa baraza la mji, Sauda angeweka kidole chake kwenye bangili, masanduku yangefunguka, wadudu wangeruka kwenye maua, na kuanzia msimu ule kila tunda la mchikichi lingezaliwa likiwa na Kinga ndani yake. Kwanza Kigoma, halafu popote mdudu anapofika. Hakuna aliyejua namna ya kuirudisha nyuma. Kwa sababu hiyo sheria haikukubali kidole cha mtu mwingine ila cha yule aliyeibuni.

"Wajumbe wakifika wape juisi," Sauda alisema, akitupia chupa moja ya Kinga kwenye mkoba wake. "Wakimaliza juisi wape bakuli walambe. Nitarudi kabla ya alasiri."

"Na usiporudi?"

"Bangili ninayo. Nitabonyeza hata nikiwa jikoni."

*

Nje ya nyumba ya Shangazi Sikudhani palikuwa pametandikwa mikeka, na mikekani walikuwa wameketi watu wa upande wa bwana harusi, wamevaa wakapendeza, wanajifanya wachovu kama ilivyotakiwa. Siku ile mjukuu wa Shangazi, Mwamini, alikuwa ananusiwa.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Wenye binti hujifungia ndani na kukaanga kitu. Wakwe hukaa nje. Mshenga wao husimama mlangoni, husema kwamba wao ni watu wametoka mbali na njaa inawauma, kisha hutaja kilichomo kwenye mafuta. Akipatia, mlango unafunguliwa. Akikosea, wakwe wote, wazee kwa vijana, huizunguka nyumba huku wakichekwa, ndipo wajaribu tena. Zamani ilikuwa kazi ya pua tu. Tangu ije Kinga, kilichokaangwa hakikuwa na harufu zaidi ya mvuke, kwa hiyo watu wakatafuta njia nyingine: upande wa binti hunong'ona siku moja kabla, mshenga hukariri, na siku yenyewe hunusa hewa kwa mbwembwe kana kwamba kuna kitu cha kunusa. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema.

Mzee Hamduni, mshenga, alikuwa amesimama pembeni akirudiarudia maneno yake kwa sauti ya chini. Sauda alimwamkia, akapokea marahaba, akazungukia uani.

Na uani harufu ikamkuta.

Ilikuwa nzito, ya moto, yenye utamu na uchungu mdogo nyuma yake, na iliingia mpaka pale taya zinapokutana. Mate yakamjaa mdomoni. Alifurahi. Alifurahi kabla hajakumbuka kukasirika, na jambo hilo likamuudhi.

"Shikamoo shangazi," alisema mlangoni pa jiko.

"Marahaba. Umekuja kunisaidia kugeuza samaki au umekuja kusimama?"

Shangazi Sikudhani alikuwa ameketi juu ya kigoda, kanga kiunoni, mwiko mkononi. Mbele yake chungu kikubwa cha shaba kilikuwa kinachemka mawese, na ndani ya mawese migebuka walikuwa wanageuka rangi. Juu yao, darini, Pua ilikuwa inalia, ila ililia kwa sauti ya mtu aliyefunikwa shuka, kwa sababu Shangazi alikuwa ameitupia taulo bichi.

"Nimekuja kwa ajili ya hii," Sauda alisema akionyesha juu.

"Ilikuwa inapiga kelele, nikajua inasikia baridi."

"Shangazi, mafuta yako yanavunjika."

"Hayavunjiki, yanachemka. Tatizo langu mimi si kelele, tatizo langu ni hii harufu. Hebu niambie imetoka wapi, maana hapa nilipo nimeshaponzeka."

Sauda alikuwa amejiandaa kupambana na mwanamke mzee anayetetea harufu. Hakuwa amejiandaa kuombwa aiondoe.

Mwamini, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amesimama kando ya meza akiwa na sahani tupu, hina mbichi mikononi, macho yamemtoka. Ndiye aliyeeleza. Wakwe walikuwa wametumiwa neno kwamba kinachokaangwa ni sambusa. Shangazi mwenyewe ndiye aliyelituma. Kisha asubuhi akabadilisha, akaagiza migebuka, ili Mzee Hamduni aseme sambusa kwa mbwembwe zake zote na ukoo mzima uzungushwe nyumba kwenye jua.

"Wamezoea vibaya," Shangazi alisema. "Tangu lini mtu anaoa bila kutoka jasho? Nimepanga vizuri, kila kitu kimya, halafu samaki ananitangaza mpaka barabarani. Tia dawa yako, Sauda, tia upesi kabla hawajasikia."

Sauda alichota mafuta kwa kijiko akayainamisha kwenye mwanga. Kisha akachungulia chungu, na alipokiona akaelewa.

"Umekisugua na nini?"

"Ndimu na chumvi. Na mchanga kidogo. Chungu cha harusi lazima mtu aone meno yake ndani. Mama yangu alikisugua hivyo, na mama yake."

"Mama yako hakufika kwenye shaba. Ndani kilipakwa bati, shangazi. Umeling'oa bati lote."

Basi ilikuwa hivyo tu. Majiko yote ya Ujiji siku hizi yalitumia vyungu vya udongo mgumu unaong'aa, visivyotoa kitu. Hiki cha shaba kilikuwa kinatoka kabatini siku za harusi peke yake, na kila harusi kilisuguliwa kwa mapenzi zaidi ya harusi iliyopita, mpaka mapenzi yakalimaliza bati.

Sauda alijua kinachoendelea humo ndani kama mtu anavyojua ugomvi wa nyumba ya jirani. Mafuta ni minyororo mirefu, na baadhi ya minyororo ina viungo dhaifu. Moto ukiwaka, oksijeni ya hewani huja na kiungo dhaifu hunyang'anywa chembe yake moja ya hidrojeni. Aliyenyang'anywa hatulii, humnyang'anya jirani yake, jirani humnyang'anya wa pili, na kabla mtu hajapiga chafya mtaa mzima umeshikana mashati. Kazi ya Kinga ilikuwa suluhu. Chembe ya Kinga humpa aliyenyang'anywa hidrojeni yake yenyewe, kisha hujitengenezea nyingine na kungoja ugomvi unaofuata. Shaba, kwa upande wake, haina hidrojeni ya kuiba wala ya kutoa. Yenyewe huchochea tu. Huingia kwenye mafuta kidogokidogo, hupita kila kona ikiwasha moto pale palipokuwa pametulia, na Kinga huzidiwa.

Minyororo ikikatika, vipande vidogo huruka hewani. Kimoja ndicho hicho dekadienali. Kikiwa kingi, ni sumu. Kikiwa kidogo, ndicho harufu ya kitu kilichokaangwa. Alipokuwa akiifundisha Pua, Sauda alihitaji kuichagulia kitu kimoja cha kusaka, akachagua hicho kwa sababu hakikosekani kamwe kwenye mafuta yaliyoharibika. Alijua wakati ule kwamba hakikosekani pia kwenye chakula kitamu. Alijiambia hilo ni jambo dogo.

"Mama mdogo," Mwamini alisema polepole, "hii ninayoisikia ndiyo nini?"

"Ni samaki, mwanangu."

"Samaki namjua. Samaki hana hii. Hii naisikia mpaka kooni, halafu nataka kucheka, na sijui nacheka nini."

"Zamani chakula chote kilikuwa hivyo," Shangazi alisema, akimgeuza mgebuka mmoja. "Tulikuwa tunapita mtaani tunajua nani anakula nini na nani amelala njaa. Hakuna aliyekuwa na siri. Tia dawa, Sauda."

Sauda akatoa chupa mkobani. Tone moja lisingetosha kwenye shaba, lakini matone machache yangetosha, na harufu ingekufa kabla mkaa haujabadilika rangi.

*

Tuseme kweli: Sauda hakuwa mtu aliyechukia utamu. Alikuwa mtu aliyewahi kula uchungu. Baba yake alikuwa mchuuzi wa dagaa, na mwaka mmoja mvua zilipokataa kuisha, dagaa wote wa ghala lake walichacha. Wakawa na rangi ya bati lililoshika kutu na harufu ya rangi ya mafuta. Hawakununuliwa, kwa hiyo familia ikawala yenyewe, asubuhi na jioni, wakikaangwa kwa mafuta yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi na mazito kama lami. Mama yake akaugua tumbo lisilopona. Sauda mwenyewe alikondeana mpaka shangazi yake akaja akamchukua, akamleta kwenye jiko hilihili, akamkaangia samaki wabichi kwenye mafuta mapya na kumpa mkia, ule mkia mkavu ulioungua kidogo, kwa sababu alisema mtoto aliyekonda aanze na kitu kinacholia mdomoni.

Ndipo alipokula kiapo. Hakuna mtoto atakayekula vile tena. Na kiapo alikuwa amekitimiza, tena vizuri, na kulikuwa na watoto wenye mashavu katika vijiji vya mbali ambao hawakujua jina lake na hawakuhitaji kulijua.

Alifungua kizibo.

"Subiri kidogo, mama mdogo." Mwamini alikuwa ameweka sahani chini. "Leo alasiri ukibonyeza, nitakuja kuisikia tena hii?"

"Hapana."

"Hata nikikisugua chungu hiki mwenyewe?"

"Kinga ya Pili haizidiwi na shaba. Nimehakikisha."

"Kwa nini ulihakikisha?"

Kwa mabaraza na mikutano Sauda alikuwa na jibu: mwanya mmoja ukibaki, uharibifu hupitia hapo. Lilikuwa jibu zuri na lilikuwa kweli. Alilitoa. Mwamini alilisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Sawa," alisema. "Wewe umeijua hii, ukaujua na uchungu wake, ukapima, ukachagua. Sikulaumu. Mimi je? Ndiyo kwanza naisikia leo, na leoleo inaondoka. Na mwanangu hatajua hata kwamba kuna kitu kiliondoka. Sisi nani alituuliza?"

"Mwanangu, mimi nimekula dagaa waliochacha."

"Najua. Bibi amenisimulia. Ungeniambia nipeleke chupa za Kinga kijiji chochote, ningezibeba kichwani. Lakini kule si ungekuwa umempa mtu chupa? Akitaka anafungua, asipotaka anaiacha rafuni. Hawa wadudu wako watamuuliza nani?"

Sauda aliinua chupa juu ya chungu. Mkono wake ulikuwa imara, mkono wa maabara, na tone lilikuwa limeshajikusanya kwenye mdomo wa chupa. Akagundua kwamba anavuta pumzi ndefu kupita kiasi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetaka kuweka akiba. Akaona aibu, na ndani ya aibu hiyo akaona pia kwamba hataki. Hakutaka kabisa.

Akarudisha kizibo.

"Sauda," Shangazi alisema, "umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Fungua dirisha, shangazi, moshi usituzidie. Na mafuta haya yakipoa yanamwagwa, hakuna kuyarudia. Hakuna hata kikombe cha kuweka."

"Na wakwe?"

"Wakwe watanusa."

Shangazi aliutazama mwiko wake, akautazama mlango, akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Kisha akafungua dirisha.

*

"Hodi wenye nyumba," sauti ya Mzee Hamduni ilianza huko nje, nene na ya kujiamini. "Sisi ni watu wa safari. Tumetoka mbali, miguu imevimba, matumbo yamegusa mgongo. Tulikuwa tunapita zetu, lakini pua ikatushika mkono, ikatuambia hapa, hapa ndani, kuna..."

Akanyamaza.

Ndani, Shangazi, Sauda na Mwamini walisimama nyuma ya mlango wakiwa wameshikana mabega. Walisikia mikeka ikichakacha, watu wakijisogeza. Walisikia mtu akimnong'oneza mzee, "Sambusa, sema sambusa."

"Najua kusema sambusa," Mzee Hamduni alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imepoteza mbwembwe zote. "Lakini jamani, hii si sambusa."

Mwanamke mmoja mzee huko mikekani akaanza kucheka, kicheko cha chini kinachopanda.

"Ni samaki," alisema mwanamke yule.

"Ni migebuka," alisema Mzee Hamduni. "Migebuka ndani ya mawese. Wametiwa ndimu, na kitunguu saumu, na mmoja ameungua upande. Ya Rabi, nilidhani pua yangu imekufa kwa uzee. Miaka yote hii nilidhani ni mimi." Na mshenga mzima, na kofia yake ya vito, akaanza kulia mbele za watu, na hakuficha uso.

Wakubwa wa mikekani, waliokumbuka, wakawa wanaongea wote kwa pamoja, huyu akitaja jiko la mama yake, yule akitaja kona aliyokuwa akinunua kachori. Vijana hawakuwa na la kutaja. Walikuwa wamesimama wameinua nyuso, bwana harusi Idrisa katikati yao, wakivuta hewa na kutazamana, na hatimaye Idrisa akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia kama ndoa hii inaweza kuwa na hicho kitu kila Ijumaa.

Shangazi akafungua mlango. Alijitahidi kununa.

"Mmepatia," alisema shingo upande. "Ila Hamduni, mimi nilikutumia neno ni sambusa. Umeniona mwongo?"

"Nimekuona mwongo, Bi Sikudhani, na Mungu akubariki kwa uongo wako."

Hata Shangazi alishindwa. Alicheka mpaka akamshikilia Sauda asianguke, na wakwe wakaingia.

Sinia zikatoka. Sauda, mwenye jina kubwa Ujiji nzima, akajikuta anagawa samaki kwa mikono, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye viwiko. Moshi ulikuwa umetoka dirishani na sasa ulikuwa unatembea mtaani bila haraka. Ulipofika nyumba ya pili, Pua ya nyumba ya pili ikalia. Ikafuata ya nyumba ya tatu, kisha ya ng'ambo ya barabara, kisha za mtaa wa nyuma, kila moja na mlio wake mwembamba. Wanawake waliposikia sauti zile nyembamba zinaitikiana juu ya mapaa, wakafanya jambo lililowajia lenyewe: wakapiga vigelegele. Pua zikalia, wanawake wakaitikia, na majirani wakaanza kutokea milangoni, kwanza kuuliza kulikoni, halafu na sahani.

Bangili ikatetemeka.

"Dokta," Gwimo alisema, na nyuma yake Sauda alisikia wajumbe na glasi zao. "Mtaa mzima unalia. Nakaribia kuwaita wazima moto."

"Usiwaite. Ni migebuka."

"Ni nini?"

"Migebuka, Gwimo. Harufu ikifika huko utaelewa, upepo unakuja upande wenu."

"Nizime Pua?" Gwimo aliuliza.

"Ziache. Zimeimba vizuri leo."

"Dokta, alasiri imefika. Wajumbe wamemaliza juisi na wamelamba bakuli. Kimebaki kidole chako. Nimekifungua kipengele, kipo kwenye bangili yako."

Kilikuwepo. Kwenye uso wa bangili palikuwa na maneno mawili tu, Ndiyo na Hapana, na Sauda aliyatazama huku amesimama katikati ya ua uliojaa watu wanaotafuna. Hakuwa mjinga. Alijua Hapana ingemaanisha chupa zisizoisha, wabebaji, barabara mbovu, maghala ya kutembelea kila msimu mpaka miguu yake ikatae. Alijua mahali fulani, siku fulani, chupa ingechelewa na dagaa wangechacha, na mtu angemuuliza kwa nini hakubonyeza alipokuwa na nafasi, na mtu huyo angekuwa na haki ya kuuliza. Alilibeba hilo lote kwa muda, akaona kwamba ni zito na kwamba linabebeka.

Akaweka kidole.

Bangili ikamwambia haikitambui. Kidole kilikuwa mafuta matupu.

Angeweza kuliacha hapo. Muda ungepita, baraza lingepanga siku nyingine, na hakuna ambaye angemlaumu kwa sababu ya samaki. Wazo hilo lilimjia, lina raha yake, na Sauda akaliacha lipite. Akaenda kwenye ndoo ya maji karibu na mlango wa jiko, akachukua kipande cha ndimu kilichobaki kwenye kusugua chungu, akaosha mkono kwa sabuni, akaosha tena, akaukausha kwa upindo wa kanga ya Mwamini aliyekuwa amesimama karibu naye. Kidole kilipokuwa safi kabisa, akakiweka juu ya Hapana na kukikandamiza mpaka bangili ikakubali.

"Dokta," sauti ya Gwimo ilisema, "wajumbe wanauliza ni bahati mbaya?"

"Waambie nimenawa kwanza."

"Watataka maelezo."

"Watayapata kesho, na chupa nitazipeleka mwenyewe. Rudisha wadudu baridini, vaa koti lako zuri uje. Na wajumbe waje nao, kuna sahani."

Alipogeuka, Shangazi Sikudhani alikuwa mbele yake, amenyoosha mkono. Mkononi mwake kulikuwa na mkia wa mgebuka, mkavu, umeungua kidogo upande mmoja. Sauda akaupokea kwa mkono wake safi, akautia mdomoni, na ukalia.